Tamu au Damu

Kila asubuhi Chepkosgei alikamua ng'ombe kabla ya kwenda kazini. Mumewe, Kipruto, alikuwa tayari shambani akichuma majani ya chai. Janeffer, mdogo wake Chepkosgei, alikaa jikoni akipuliza moto, tumbo limemtangulia. Mume wa Janeffer alifanya kazi mbali, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwa dada yake, karibu na hospitali.

"Dada, leo uniletee ndizi," alisema Janeffer.

"Jana ilikuwa machungwa. Huyo mtoto ni mlafi kama mama yake!"

Wakacheka. Nyumba ile ilikuwa na furaha.

Chepkosgei alikuwa karani katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Sigowet. Ilikuwa mwaka wa 1998. Chini ya meza yake kulikuwa na seva, yaani kompyuta inayotunza habari na kuzigawia kompyuta nyingine. Seva hiyo iliendeshwa kwa programu iitwayo Linux. Unaiamuru kwa maneno, nayo inatii. Ukisema futa, inafuta. Haikuulizi kama umelala vizuri.

Ndani ya seva kulikuwa na majina ya watu waliojitolea kutoa damu. Kila mmoja aliandikwa kundi lake la damu, kijiji chake na namna ya kumpata haraka. Zamani majina hayo yalikuwa kwenye kadi. Seva ilipoletwa, kadi zilichomwa moto. Watu walifurahi kwamba kabati limepata nafasi.

Fundi wa seva aliitwa Kepher, naye alikaa Kisumu. Hakuwa na haja ya kupanda milima. Kompyuta yake iliingia katika seva ya hospitali kupitia waya wa simu. Lakini hospitali ilikuwa na laini moja tu. Kepher akiwa ndani ya seva, hakuna mtu aliyeweza kuzungumza naye.

Kepher alipenda utani. Chepkosgei, kama Wakipsigis wengi, alichanganya d na t. Damu aliiita tamu.

"Hiyo tamu yako niwekee kwa chai," Kepher humwambia, na wote wawili hucheka.

Hata alipokuwa akiifanyia seva majaribio, Kepher alifungua folda ya kuchezea akaiita "tamu". Folda ya kweli, yenye majina ya watu, iliitwa "damu". Ulikuwa utani wa kijinga, lakini wakati huo kila mtu aliuona mzuri.

Siku moja seva iligoma. Chepkosgei akapiga simu Kisumu.

"Kepher, tiski imejaa. Inakataa kuandika."

"Kuna kitu naweza kufuta?"

"Futa ile folta ya tamu. Hiyo haina kazi."

"Una hakika haina kazi?"

"Haina. Kila kitu iko kwa ile ingine."

Kepher alikuwa amezoea. Chepkosgei akisema tamu, yeye husikia damu. Akadhani majina yamehamishiwa folda nyingine.

"Sawa, mama. Kata simu niingie."

Chepkosgei akakata simu. Kepher akaingia kwa jina la mkuu wa seva, yule asiyekatazwa kitu. Hakutazama ndani ya folda. Aliandika amri ya kufuta, akatoka, akaenda kula chakula cha mchana.

Nafasi ikapatikana. Chepkosgei akamshukuru Mungu, akaendelea kuandikisha wagonjwa wiki nzima.

Kisha Janeffer akashikwa na uchungu. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kali. Lakini damu ya mama haikukoma. Muuguzi Akeyo akaja mbio ofisini, mikono yake myekundu kwa damu.

"Chepkosgei, mdogo wako ni O negative, hapokei damu ya kundi lingine. Kwa friji hakuna hata chupa moja. Nipe majina ya donors wa karibu, haraka!"

Chepkosgei aliandika jina la folda. Seva ikajibu kwamba hakuna folda kama hiyo. Akaandika tena. Jibu lilikuwa lilelile. Akaomba ionyeshe folda zote. Damu haikuwepo. Tamu ilikuwa palepale.

Akaelewa. Kepher alikuwa amesikia damu.

Kichwani mwake alikumbuka jina moja tu la mwenye damu hiyo. Joab, mchuma chai kutoka ziwani, aliyekaa kwenye kambi ya wafanyakazi ng'ambo ya bonde. Kulikuwa na wengine waliokaa karibu zaidi. Alijua wapo. Majina yao hayakuja. Kipruto, aliyemleta Janeffer hospitalini, akachukua baiskeli ya mhudumu na kushuka bondeni kwenye matope.

Chepkosgei akaingia wodini, akaushika mkono wa mdogo wake.

"Dada, nasikia baridi."

Akavua sweta akamfunika. "Kipruto anakuja sasa hivi. Usilale, Janeffer. Niongeleshe."

"Dada," alisema Janeffer. Hakuongeza neno jingine.

Kipruto na Joab walipofika, wamejaa matope, Joab alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Akeyo alisimama mlangoni. Akatikisa kichwa.

Walimzika Janeffer huku mvua ikinyesha. Chepkosgei alimbeba mtoto mgongoni, na kila mtoto alipolia, moyo wake ulichanika. Aliwaza jambo moja tu: mdogo wangu ameuawa na neno.

Baada ya mazishi Kepher alikuja mwenyewe. Hakuweza kuinua macho.

"Ulisema tamu," alisema.

"Nilisema tamu. Nilimaanisha tamu."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga.

Hospitali ilimwita Nyambeki, mama Mkisii aliyesimamia kompyuta katika kiwanda kimoja cha chai. Akaketi mbele ya seva, akaandika, akasoma, kisha akavua miwani.

"Diski haikujazwa na tamu," alisema. "Seva huandika kila inachofanya. Maandishi hayo ya zamani ndiyo yaliyoijaza. Kepher, uliiuliza ni folda gani imekula nafasi?"

"Hapana."

"Ni amri moja fupi tu."

"Majina yanaweza kupatikana?" aliuliza Chepkosgei.

"Kitu kikifutwa, mara nyingi hakipotei papo hapo. Mngezima mashine siku ileile, labda ningeyapata. Lakini mliendelea kuandika, na mapya yamekaa juu ya yale ya zamani. Nakala iko wapi?"

Hapakuwa na nakala. Chepkosgei akakumbuka alivyomshukuru Mungu na kuendelea kuandika. Akalia, na Nyambeki akamwacha alie mpaka akatulia.

"Sasa nisikilizeni," alisema Nyambeki. "Kepher, hiyo nguvu ya mkuu ni panga. Kazi ya kila siku fanya kwa jina la kawaida. Kabla ya kufuta, tazama ndani. Ukishatazama, usifute bado. Hamisha kando, ikae hata mwezi, uone nani atailia."

"Na kwa simu?" aliuliza Kepher kwa sauti ndogo.

"Kwa simu, jina lisomwe herufi moja moja, na kila herufi ipewe neno lisilo na pacha. Aliye mbali arudie alichosikia. Mwenzake asipokubali, hakuna kuingia. Na folda mbili zisifanane majina tena. Utani upelekeni nyumbani."

"Na nakala?" aliuliza Chepkosgei.

"Kila jioni ukitoka, seva inakili kila kitu kwenye kanda ya kuhifadhia. Kanda isilale hapa. Jengo likiungua, vyote vitaenda pamoja. Na kila wiki mjaribu kurudisha kitu kutoka humo. Kanda ambayo haijajaribiwa si nakala. Ni matumaini."

Chepkosgei alianza upya. Alizunguka makanisani, masokoni, hadi Ndanai, akiomba majina. Kipruto alikuwa wa kwanza kutoa mkono. Kanda ilikaa nyumbani kwa pasta, ng'ambo ya barabara.

Mwaka uliofuata radi ilipiga waya wa simu. Seva ikaungua, ikatoa moshi. Nyambeki akaleta mashine nyingine, Chepkosgei akaleta kanda, na kabla ya chai ya saa kumi majina yote yalikuwa yamerudi. Wiki hiyohiyo mama mmoja alivuja damu akijifungua. Mtoaji aliitwa, akafika. Mama yule alitoka hospitalini kwa miguu yake, amembeba mtoto wake. Chepkosgei alimtazama dirishani. Alifurahi, na pia aliumia.

Miezi michache baadaye simu ikalia. Alikuwa Kepher.

"Mama, diski inakaribia kujaa. Nitahamisha maandishi ya zamani tu. Nisomee folda ambayo nisiguse."

"Tamu," alisema Chepkosgei. Ulimi ulikuwa umeteleza tena. Akavuta pumzi. "D. D ya dada."

Kule Kisumu Kepher akaiandika.

"Nimesikia," alisema. "D ya dada."