Muhidin Hajatangazwa

Wa kwanza kumwambia Sihaba kwamba Redio Furu imeuzwa alikuwa Dorcas, mwenye kibanda cha vocha na kadi za salamu pale Igombe, karibu na mwalo wa wavuvi ziwani. Ilikuwa Jumatatu, jua limeanza kulegea, na Sihaba alikuja kununua kadi yake ya wiki kama kawaida, mtoto mgongoni.

"Mama Raya, leo chukua hata kumi," Dorcas alisema. "Zitakazobaki nitawashia moto."

"Kwa nini?"

"Redio imeuzwa. Ijumaa hii ndiyo mwisho wa salamu. Kuanzia Jumamosi ni muziki na mikeka ya kubashiri mpira."

Mzee Shigela, fundi baiskeli aliyeweka vyombo vyake pembeni ya kibanda, alipunguza sauti ya redio yake iliyofungwa kwa mpira juu ya boksi la spana.

"Msiba wa mama yangu niliusikia humu," alisema. "Nikawahi kuzika. Sasa mama wa mwingine akifa, hao watamtangazaje?"

"Watasema bashiri atazikwa saa ngapi," Dorcas akajibu.

Watu waliokuwepo wakacheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja. Sihaba hakucheka. Alichukua kadi moja, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akarudi nyumbani bila kuaga.

Hakuwa mtu wa maneno. Mbele ya watu watatu sauti yake iliishia kooni. Aliishia darasa la saba, na alichotoka nacho shuleni ni mwandiko mzuri na hofu ya kukosea herufi. Kwa hiyo kadi ya salamu ilimfaa. Aliandika polepole, akasoma mara mbili, akaipeleka kwa Dorcas, na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni mtu mwingine akamsemea.

Mtu huyo alikuwa Mama Wilhelmina, mtangazaji ambaye nusu ya watu wa Igombe walizaliwa wakamkuta hewani. Sauti yake ilikuwa nzito, haina haraka.

"Salamu zimfikie Muhidin, popote alipo. Anasalimiwa na mke wake, Sihaba."

Muhidin alikuwa mumewe. Miaka mitatu iliyopita alitoka na wenzake kwenda dagaa, upepo ukawakuta karibu na visiwa. Mtumbwi ulionekana umepinduka. Watu hawakuonekana.

Na pale Igombe ilikuwepo desturi, sijui ilianzishwa na nani, lakini ilikua pamoja na redio ile. Aliyepotelea ziwani hatangazwi kuwa amekufa mpaka mwili upatikane. Anasalimiwa. Hakuna tanga, hakuna matanga kuvunjwa, mjane hakai eda. Kila Ijumaa jina lake linasomwa pamoja na majina ya wazima, na familia inakwenda kulala. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema.

Jambo moja tu alikatazwa. Mama mkwe wake, Bi Bushra, alimwambia siku Raya alipozaliwa, miezi saba baada ya mtumbwi kupatikana.

"Msalimie mumeo kila wiki, sikukatazi. Ila huyu mtoto usimtaje redioni. Muhidin aliondoka hajui kama una mimba. Akijua ana mtoto, atakuja kumwona."

"Kama yu hai, si vizuri aje, mama?"

Bi Bushra alimtazama muda mrefu. Mwaka uliofuata naye alikufa, na yeye alitangazwa vizuri, kwa jina la ukoo na saa ya mazishi.

Sihaba alilishika katazo lile miaka yote. Lakini usiku ule wa Jumatatu, akiwa na kadi ya mwisho mbele ya taa, aliwaza upya. Baada ya Ijumaa hakutakuwa na mahali pa kumwambia. Alikusudia kumwambia siku ileile aliyopotea. Alikuwa amemwekea chakula, amepanga na maneno ya kuanzia.

Akaandika: Muhidin, unasalimiwa na mke wako Sihaba, pamoja na binti yako Raya.

Akaisoma mara mbili. Hakukuwa na kosa la herufi hata moja.

Ijumaa ile redio ziliwashwa nyumba zote. Ungeweza kutembea kutoka mwaloni hadi barabarani usipitwe na neno. Mama Wilhelmina alisoma kadi hadi sauti ikaanza kukwaruza. Alipofika kwenye ya Sihaba, alisita kidogo kabla ya jina la mtoto, kisha akalisoma lote. Mwishoni alisema, "Na ninyi ambao tumekuwa tukiwasalimu bila kujua mlipo. Kuanzia kesho hatutawaita tena. Mtusamehe."

Mzee Shigela alizima redio yake akaifunika kwa kitambaa, kama watu wanavyofunika kioo penye msiba.

Jumamosi, masafa yaleyale, vijana wawili walikuwa wanacheka.

Wiki moja ikapita hivyo.

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa limegusa maji, Sihaba alikwenda kuanua dagaa. Vichanja vyake vilikuwa nyuma ya majabali, mahali ambapo kelele za mwalo hazifiki vizuri. Raya alikuwa mgongoni, amefungwa kwa mbeleko, anachezea nywele za mama yake. Redio ndogo ilining'inia kwenye mti wa kichanja. Aliiwasha kwa mazoea tu. Vijana walikuwa wanacheka.

Akakusanya dagaa kwa viganja, akitia kwenye ndoo. Anga lilikuwa jekundu. Majabali yalikuwa bado na joto la mchana.

Saa kumi na mbili na nusu, vicheko vikakatika.

Alidhani betri zimekwisha. Lakini redio ilikuwa na sauti. Sauti ya maji... maji yanayopiga ubao, taratibu, pa... pa... pa...

Kisha mtu akaanza kusoma. Mwanamume. Alisoma kwa kuvuta, kama mtu ambaye hajatumia mdomo siku nyingi.

"Mimi Alexander... namsalimu mke wangu Selina wa Igombe. Mbona kimya."

Mikono ya Sihaba ilisimama juu ya dagaa. Selina alikuwa jirani yake. Alexander wake alipotea kabla ya Muhidin.

"Mimi Farouk... nawasalimu wazazi wangu. Mbona kimya."

Yakafuata mengine. Majina aliyoyajua kutokana na kadi za wenzake, majina ya miaka ambayo yeye alikuwa bado shuleni. Kila mmoja alitoa salamu, na kila mmoja alimalizia vilevile. Mbona kimya. Hawakuwa na hasira. Walikuwa kama watu waliobisha mlango wa nyumba wanayoijua, wasisikie mtu ndani.

Sihaba akanyoosha mkono, akazima redio. Kitufe kililia, tik.

"Mimi Muhidin," redio ikasema.

Akaiangusha. Ikalala kifudifudi kwenye mchanga, ikaendelea kusema.

"Namsalimu mke wangu Sihaba. Namsalimu na binti yangu Raya... ambaye sijamwona."

Upepo ukaleta harufu. Tope la chini kabisa, pale nanga inapokaa. Mafuta ya taa. Na kwa mbali, sabuni ya kipande ambayo mwanamume mmoja tu aliogea nyumbani kwake, na ambayo Sihaba hakuinunua tena kwa miaka mitatu.

Raya aliacha kuchezea nywele. Sihaba alihisi kichwa cha mtoto kikigeuka nyuma, kuelekea ziwani.

"Shikamoo," Raya alisema.

"Marahaba."

Haikutoka redioni.

Sihaba hakugeuka. Maji yalikuwa yanachuruzika nyuma yake, tone, tone, juu ya jabali lenye joto.

"Sihaba," sauti ikasema, chini, kama zamani walipokuwa wanaogopa kumwamsha Bi Bushra. "Mbona hamniiti tena?"

Lilitoka jibu la ajabu, lakini ndilo lililokuwa kweli.

"Redio imeuzwa."

"Imeuzwa."

"Ndiyo. Wamenunua watu wengine."

Tone, tone.

"Kila Ijumaa nilikuwa najua nyumbani ni upande gani," alisema. "Yule mama akiniita, nageukia huko. Nilisema siku moja nitafika. Sasa kuna vicheko tu... sijui wanamcheka nani."

Machozi yalimtoka Sihaba, akayaacha. Kwa miaka mitatu alidhani anamtumia upendo. Kumbe kila Ijumaa alikuwa anamwamsha, anamgeuza uso, kisha anakwenda kulala.

"Ni binti yetu huyu?"

"Ndiyo."

"Mzito?"

"Mzito kidogo. Anapenda viazi."

Kitu kama kicheko kilipita nyuma ya shingo yake, kikiwa na baridi.

"Nipe nimbebe. Kidogo tu. Nimwonyeshe ninapokaa."

Fundo la mbeleko lilikuwa kifuani pake. Lilianza kulegea. Hakuona mkono. Aliona kitambaa kikilowa, duara jeusi likitanuka kutoka kwenye fundo, na ncha zikitoka moja baada ya nyingine, taratibu, kwa adabu. Uzito wa mtoto ukapungua mgongoni, kama kuna mtu amemshika kwa chini.

Raya hakulia. Alikuwa ananyoosha mikono kwenda huko.

Sihaba akafumbata mapaja ya mtoto kwa mikono miwili. Hakuwahi kumpandishia mumewe sauti. Hata sasa hakupandisha.

"Muhidin," alinong'ona. "Umekufa."

Maji yakaacha kudondoka.

"Nani kasema?"

"Hakuna. Hakuna aliyesema."

"Sijasikia nikitangazwa." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, kama ya mtu aliyekuta kitanda chake kimelaliwa. "Wengine nilisikia wakitangazwa. Mama nilimsikia. Mimi nilikuwa nasalimiwa."

"Tulikosea. Mimi nilikosea. Sikutaka kukaa eda, nilitaka uje." Alikuwa analia waziwazi sasa. "Nitakutangaza. Kesho asubuhi. Niachie mtoto, nitakutangaza."

Wekundu wa mwisho ulitoka angani.

"Kwa redio ipi?" Muhidin aliuliza.

Sihaba alisimama hivyo, amefumbata miguu ya mwanawe, mpaka uzito wa Raya ulipomrudia mgongoni wote kwa pamoja, na fundo likakazwa kifuani kwa nguvu hadi pumzi ikamkatika. Alipothubutu kugeuka palikuwa na jabali tupu, na juu yake unyevu wa nyayo mbili ukikauka. Visigino vilielekea ziwani. Alikuwa amesimama anawatazama wao.

Ndoo ya dagaa aliiacha palepale. Nyumbani alijaribu kulifungua lile fundo, halikufunguka. Lilikuwa fundo la kufungia mtumbwi. Hakuwahi kufundishwa kulifunga wala kulifungua. Akaikata mbeleko kwa kisu, akamlaza Raya, akakaa macho na kipande kile mkononi, bado kimelowa.

Asubuhi Sihaba alikwenda mwaloni.

Mnada wa dagaa ulikuwa umechangamka. Nestory, mnadi, alikuwa juu ya kreti na kipaza sauti chake cha mkono, anawatania wanunuzi kwamba wamekuja na mifuko mikubwa na mioyo midogo. Sihaba alipita katikati ya watu, Raya akiwa kiunoni. Akavuta suruali ya Nestory.

"Mama Raya, leo unanunua au unauza?"

"Naomba hicho kipaza," alisema. Ilibidi Nestory ainame kumsikia. "Nina tangazo."

Nestory alimtazama usoni, akashuka bila utani mwingine.

Sihaba alipanda juu ya kreti na kipaza mkononi. Watu walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwakabili. Alitoa kadi ya salamu, moja ya zile zilizobaki kibandani, ambayo Dorcas alimpa alfajiri ile bila kuuliza, iliyoandikwa nyuma kwa mwandiko mzuri. Akaelekeza kipaza ziwani, akawapa watu mgongo.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mimi Sihaba wa Igombe nasikitika kutangaza kifo cha mume wangu, Muhidin, kilichotokea ziwani miaka mitatu iliyopita. Ameacha mjane, na mtoto mmoja wa kike. Habari ziwafikie ndugu wote. Habari zimfikie na marehemu mwenyewe, popote alipo. Hutaitwa tena, baba Raya. Pumzika."

Sauti ilikwenda juu ya maji na haikurudi. Mzee Shigela alivua kofia.

Aliposhuka, Selina alikuwa amesimama mbele yake, ameshika kadi mpya, imeandikwa haraka, wino bado unang'aa.

"Na wangu," Selina alisema. "Soma wewe. Mimi sitaweza."

Nyuma yake kulikuwa na mwanamke mwingine. Na mzee mmoja. Na wengine walikuwa wanatoka kibandani kwa Dorcas.

Ndipo Raya, akiwa kiunoni kwa mama yake, alipogeuka kutazama ziwa. Maji yalikuwa shwari, hayana mtumbwi wala ndege. Mtoto aliyatazama kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaanza kuamkia. "Shikamoo," alisema. Akasubiri kidogo. "Shikamoo." Akasubiri. "Shikamoo." Kama mtoto aliyefundishwa vizuri, anayepita mbele ya watu wazima wengi waliopanga mstari.

Sihaba alimziba mdomo kwa kiganja, polepole. Akapokea kadi ya Selina, akapanda tena juu ya kreti, akasoma jina la Alexander.