Mteja Mwingine

Mwavuli ulikuwa umeegemezwa ukutani, nyuma ya mlango wa mbele, unachuruzika maji. Mama Mkunga aliutazama mpaka chai ikapoa mkononi. Mvua ilikuwa haijaonekana muda mrefu. Udongo wa uani ulikuwa umepasuka, na paka wa jirani alikuwa amejilaza kivulini hoi kwa joto. Lakini chini ya mwavuli palikuwa na kidimbwi, na ukumbi mzima ulinuka ardhi iliyonyeshewa. Si maji yaliyomtisha. Kilichomtisha ni kwamba mwavuli ule mweusi, wenye mpini wa mti uliopinda, alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, wiki iliyotangulia.

Sasa, anayesema kuuza nyumba ni kazi rahisi, huyo hajawahi kuuza hata kuku. Mama Mkunga alikuwa mjane na mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakiwa hawajafumbua macho. Alitaka kuuza nyumba ahamie moja kwa moja kwa binti yake, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Binti alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeishia vibaya, mtoto akatoka kimya, na hapakuwa na mtu wa kwao wa kumshika mkono. "Safari hii, mama, sijifungui bila wewe," alisema, na mama akaapa kwamba atakuwepo. Kilichobaki kilikuwa kuuza tu.

Kuuza tu! Walikuja wanunuzi, kijana mwenye duka la vipuri na mkewe, wakaipenda nyumba papo hapo. Wakarudi na mama mkwe, naye akauliza kwa nini choo kinatazama kule kinakotazama. Wakarudi na fundi, akagonga kuta zote kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha ikawa benki haijajibu. Kisha benki imejibu lakini inataka mpimaji wake. Mpimaji akaja siku ambayo hakuambiwa mtu, akakuta mlango umefungwa, akaondoka amenuna. Kila wiki Mama Mkunga alifunga sanduku la nguo, na kila wiki akalifungua tena kutafuta khanga ya kuvaa.

Kulikuwa na dalali, bila shaka. Mtaani walimwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolijua vizuri kuliko yote. Alasiri moja, wanunuzi wakiwa sebuleni wanapima dirisha kwa mara nyingine, Kesho alimvuta Mama Mkunga jikoni.

"Mama, hawa hawasukumwi na uzuri wa nyumba. Wanasukumwa na wasiwasi. Waambie kuna mteja mwingine."

"Yupi?"

"Yeyote! Mteja mwingine hana ndugu wa kulalamika."

"Mimi sijui kudanganya, baba."

"Wewe uliwaambia wanawake wangapi kwamba haiumi?"

Hapo alimweza. Mama Mkunga akarudi sebuleni, akakaa, akasema kuna mama mmoja anaitaka nyumba. Alidhani ataishia hapo. Lakini maneno yakaja yenyewe, moja likimvuta mwenzake: kwamba ni mrefu, mjane, mpole, ana sauti nzito, hatembei bila mwavuli mweusi wa mpini uliopinda, na hana tabia ya kumzungusha mtu. Alipomaliza alishangaa. Hakuwahi kuwa mtunzi, na hakujua yule mama wa mwavuli ametokea wapi.

Wanunuzi wakatazamana, wakasema watafikiria, wakaenda zao.

Uongo ukishatoka unataka kutembea. Siku ya pili yake jirani wa ukuta mmoja, mwanamke asiyepitwa na jambo, aliuliza habari za nyumba, na Mama Mkunga, kwa aibu ya kusema bado, akamwambia habari za mteja mwingine. Jioni ile binti akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, unakuja kweli? Usinifiche." Mama akamwambia amempata mnunuzi, mama mmoja mwema sana, mambo yamekwisha, anafunga mizigo. Binti akalia kwa furaha. Kati ya wote walioambiwa, huyo ndiye aliyeufungulia uongo ule moyo wote.

Baada ya hapo ndipo mwavuli ulipoonekana nyuma ya mlango. Mama Mkunga alikwenda kuchukua kitambaa apanguse, na aliporudi haukuwepo, ila kidimbwi kilibaki.

Akatoka nje apate hewa. Jirani alikuwa anaanika nguo.

"Nimemwona mgeni wako asubuhi," jirani akasema. "Mrefu! Kasimama langoni pako anaitazama nyumba. Nikamsalimia, akaitikia kwa sauti utadhani inatoka kisimani."

"Umeona nani wewe?"

"Mnunuzi wako. Nami nilishaanza kusema unajifariji tu. Kumbe wahenga hawakukosea, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Mama Mkunga alicheka kwa kulazimisha, akarudi ndani, akajiambia ni Kesho huyo, amemkodi mtu wa kuigiza. Kwa dalali yule, lingewezekana. Akampigia simu amfokee, lakini Kesho ndiye aliyemtangulia.

"Mama, hukuniambia kama umempata wa kweli! Kaja ofisini. Hata bei hakuuliza." Kisha sauti yake ikashuka. "Kanipa mkono, mama. Tangu nimeushika, wangu haupati joto. Nimeutia kwenye maji ya moto, hausikii. Huyu mtu ni nani?"

"Nilidhani ni wako," mama akasema.

Siku iliyofuata, jua la mchana likichoma bati, alikuwa chumba cha nyuma anafunga vyombo kwa magazeti, akasikia mtu anagonga ukuta wa sebuleni. Si mlango; ukuta. Ko, ko. Kimya. Ko, ko. Akadhani yule fundi karudi, akaita, hakuitikiwa. Ile ko ko ikatoka sebuleni ikaingia ukumbini, ikapita chumba cha kwanza, ikapita jikoni, bila haraka na bila kuruka ukuta hata mmoja, na nyuma yake ncha ya kitu ilikuwa inaburuzwa sakafuni, na harufu ya mvua ikawa nzito mpaka magazeti yakalegea kwa unyevu mikononi mwake, naye akabaki amechuchumaa katikati ya masufuria, anautazama mlango wa chumba, anakitazama kitasa kikishuka polepole, polepole mno, kama kimeshikwa na mtu mwenye adabu zake ambaye hataki kumshtua mwenyeji.

"Hodi," ikasema sauti nzito.

Mazoea ni kitu kibaya. Neno karibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, ikabidi aung'ate mpaka akaonja damu.

"Hodi, mama. Nyumba nimeitazama yote. Nimeipenda. Wale wanakuzungusha, mimi sikuzungushi. Unahama lini?"

Mama Mkunga, mwanamke wa umri wake, mnene, mwenye heshima zake, akatokea dirishani, akaangukia mikono yake kwenye udongo mkavu, akakimbilia kwa jirani bila viatu.

Jirani ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi, na alikataa katakata kuvuka lango. Akawekewa kiti nje, akasikiliza hadithi yote ameinamisha kichwa.

"Nyumba iliyokaa miaka mingi ina mwenyeji wake," akasema. "Hana sura, hana sauti, hana shida na mtu. Wakati wote huo mlikuwa mnakaa naye. Ninyi ndio mmempa sura. Mmempa urefu, sauti, mwavuli, na hata sababu ya kugonga mlango. Mnategemea akatae?"

"Mtoe, tafadhali."

"Nitamtoa na nini? Anaishi kwa kuaminiwa. Nikisoma na kufukiza mpaka kesho, akitoka kwangu atakwenda kwa anayemwamini. Kila uliyemwambia, mrudie, useme ulidanganya. Yeye atapungua." Akakohoa. "Nani aliyekuamini kuliko wote?"

Mama Mkunga alijua jibu, lakini hakulitamka. Alisema ataanza na wanunuzi.

Akalala kwa jirani, na asubuhi na mapema akaenda dukani kwa kijana wa vipuri, akawakuta yeye na mkewe wanahesabu boliti. Aliona sasa watamshusha bei au watakataa kabisa. "Wanangu, niliwadanganya. Hakuna mteja mwingine."

Mke akaangua kicheko. "Mama, tulijua! Kila dalali ana mteja mwingine. Hatukuamini hata dakika moja. Sisi tunaingoja benki tu."

Njiani kurudi aibu ilimuuma kuliko hofu. Uongo wote ule, na aliowatungia hawakuuonja. Akamwambia jirani, jirani akanuna kwa kudanganywa, lakini kidimbwi cha ukumbini kikakauka hapo hapo wakikitazama. Akampigia Kesho. Kesho akaapa kwa sauti kubwa kwamba hakuna mtu, hakuna mwavuli, hajampa mkono yeyote, na katikati ya kiapo akapiga ukelele: vidole vimeanza kuwasha, vinapata joto. Mama Mkunga alipumua. Nyumba ilikuwa kavu na haikunuka kitu ila vumbi.

Akabaki mmoja. Alizunguka na simu sebuleni, akaiweka, akaichukua. Angemwambiaje mwanawe, siku zake zimekaribia namna ile, kwamba mama bado amekwama palepale? Mara akajiambia amwache ajifungue kwanza. Mara akakumbuka swali la mganga. Mwishowe akapiga.

"Mwanangu, umelala?"

"Nimejilaza, mama." Alikuwa anahema.

"Nina neno. Yule mnunuzi niliyekwambia, hayupo. Nilikudanganya ili usiwe na wasiwasi. Nyumba haijauzwa. Nisamehe."

Binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mama, acha utani. Si naongea naye kila siku?"

"Na nani?"

"Na mnunuzi wako. Alisema ulimpa namba yangu. Ni mtu mwema, mama. Siku ambazo wewe unasema wiki ijayo, wiki ijayo, yeye ndiye ananituliza."

"Nisikilize vizuri. Hakuna mtu huyo. Sema hayupo. Sema kwa kinywa chako, sasa hivi, hayupo!"

"Unanitisha." Sauti ilikatika, akagugumia kwa maumivu, kisha akarudi. "Uchungu umenianza tangu usiku. Nilimwambia, akasema wewe umekwama, atakuja yeye kunisaidia mpaka ufike. Nitasemaje hayupo, mama? Yuko jikoni hapa, anachemsha maji."

Simu ikakatika.

Mama Mkunga hakuchukua sanduku. Hakufunga dirisha wala mlango. Aliiacha nyumba wazi, ile nyumba iliyomshikilia miezi yote ile, kama kibanda kisicho na mwenyewe. Jambo ambalo angeweza kulifanya tangu siku ya kwanza alilifanya sasa, mbio, kandambili mkononi. Njia panda akakutana na Kesho, anakuja anapunga mkono wake mzima, amejaa furaha.

"Mama! Mama Mkunga! Benki imekubali! Wanasaini kesho!"

Akampita kama anayepita mti.

Basi lilikuwa linaondoka. Akalidandia, akapata kiti cha nyuma kabisa. Alipiga, ikaita bila jibu. Alipiga tena. Abiria walisinzia, wakaamka, wakala, wakasinzia tena, na yeye akapiga, akapiga, akawapigia majirani wa binti ambao hakuwa na namba zao sahihi, akapiga hospitali akaambiwa asubiri, akapiga kwa mkwe wake aliyekuwa safarini, naye hakupatikana, na mashamba yakapita dirishani moja baada ya jingine mpaka akayachukia, na kila basi liliposimama kupakia mtu alitamani kushuka alisukume. Jua lilikuwa bado juu simu ilipopokelewa.

Nyuma, mbali kidogo na simu, mtoto alikuwa analia. Kilikuwa kilio kizima, chenye mapafu. Mama Mkunga alikijua kilio cha namna ile kuliko alivyojua jina lake, na machozi yakamtoka kabla hajasikia neno.

"Usihangaike, mama," ikasema sauti nzito, ya upole. "Ni wa kike. Nimempokea mimi."

"Nipe mwanangu niongee naye."

"Amelala."

"Mwamshe. Nakuomba, mwamshe."

Mtoto akabembelezwa, akanyamaza, na kwenye simu ikasikika mvua inaanza kunyesha juu ya bati.

"Ile nyumba waachie wale wengine, mama," sauti ikasema. "Mimi nimeshapata pa kukaa."