Mgeni wa Mshonaji

"Nani anachoma nywele?"

Daktari aliuliza swali hilo adhuhuri moja, kalamu mkononi, akiwa katikati ya sentensi kuhusu uchungu wa binadamu. Mkewe, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akisahihisha insha za wanafunzi kwenye meza ya pili, alinusa kushoto, akanusa kulia, asipate kitu ila sabuni ya sakafu.

"Hakuna anayechoma kitu."

"Basi ni kichwa changu," alisema daktari, akacheka kicheko chake cha redioni. Alikuwa bingwa wa ubongo. Alijua kwamba harufu isiyokuwepo mara nyingine ni cheche tu ndani ya kichwa, dalili ya kifafa. Alijua pia, na hili lilimfurahisha, kwamba ingefaa kwa kitabu kipya.

Vitabu vyake vilisomwa na watu waliokwisha kuandaa leso. Aliandika habari za wagonjwa wake: mzee aliyesahau uso wa mkewe, dereva aliyeamini mkono wake wa kushoto ni wa mtu mwingine. Huruma ilichuruzika ukurasa hadi ukurasa kama asali iliyomwagika, hata manesi wakambatiza Daktari Machozi. Walimbatiza kwa kejeli. Wodini, Machozi alimsalimia mgonjwa huku akitazama picha ya ubongo wake, na aliyechelewa kuitikia aliachwa na jibu lake mdomoni. Mkewe ndiye aliyemsafishia sentensi, naye alijua ni wapi mwandishi alilia na ni wapi aliweka tu neno "nililia". Hapo pa kwanza hakuwahi kupaona.

Sura iliyompa sifa kuliko zote ilimhusu mshonaji wa mtaa wa nyuma. Mwanamke huyo alikuwa akianguka juu ya cherehani, macho yamegeuka, na kila mara kabla ya kuanguka alinusa nywele zinazoungua. "Ndiyo mgeni wangu anapiga hodi," alimwambia daktari. Daktari akampa vidonge. Kisha, kwa kuwa wanafunzi wa udaktari walikuwa wakisikiliza, akamshika bega na kusema kwa sauti nzuri, "Mwambie huyo mgeni wako aje kwangu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wanafunzi wakaandika. Mshonaji akapona. Kitabu kikanunuliwa kama maji wakati wa kiangazi.

Sasa harufu ikawa inamrudia daktari kila adhuhuri. Alijilaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akatoka na picha safi kama sahani iliyooshwa. Akameza vidonge vilevile alivyowaandikia wengine. Haikusaidia, lakini hakuogopa, maana mtu aliyezoea kuandika hofu za watu hudhani yake itamwomba ruhusa kwanza.

Kisha siku moja mwalimu, akimenya viazi jikoni, akakunja pua.

Nywele. Nywele zinaungua.

Kisu kilimganda mkononi. Kilichomtia baridi hakikuwa harufu yenyewe, bali jambo dogo ambalo mumewe mwenyewe alimfundisha: cheche ya kichwa kimoja hainuswi na pua ya mtu wa pili. Akatoka polepole, akapita makoti yaliyotundikwa, akapita picha ya mumewe akipokea tuzo, harufu ikizidi kumkaba kooni kama kitambaa kilichosokotwa, na alipofika mlango wa chumba cha kusomea akasikia cherehani ikienda mbio, tr-tr-tr-tr, ikapumzika, ikaenda tena, ilhali nyumba ile haikuwa na cherehani, haijawahi kuwa nayo, na aliposukuma mlango akamwona mumewe amekaa wima mezani, mguu wake wa kulia ukikanyaga hewa chini ya meza, mikono ikisukuma karatasi mbele kana kwamba ni pindo la gauni, na mlio ule, tr-tr-tr-tr, ukitoka katikati ya meno yake.

Mguu ukasimama.

"Mwalimu," ikasema sauti isiyo ya mumewe, sauti ya mtu aongeaye akiwa ndani ya mtungi. "Umeolewa na maajabu."

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Mgeni. Si niliambiwa njoo?" Sauti ikacheka puani. "Kwa mshonaji nilikaa kwa kubanana. Kila chumba kina mtu: mama yake marehemu, watoto, wivu, nyimbo, vipimo vya viuno vya mtaa mzima. Palikuwa hapakaliki, lakini palikuwa nyumbani. Huku nimekuta sebule. Sebule nzuri, vitambaa vya meza, viti vimepangwa. Nikafungua mlango wa ndani nipate pa kulala, nikajikuta nimetokea nje."

Mwalimu alibanwa na kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye sebule ile miaka yote ya ndoa, akingoja kukaribishwa ndani.

Alikwenda kwa mshonaji bila kuvua aproni.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, dada, na ndilo ninaloliogopa." Mshonaji alifunga mlango, akashusha sauti. Mtoto mchanga alikuwa amelala mgongoni mwake, mdomo wazi. "Vidonge nameza na naviamini. Lakini siku ile daktari alipomwita, nilihisi mtu anashuka mabegani, kama mtoto anayetaka kutembea. Nikasema moyoni, mzaha wa wasomi huo, watajuana wenyewe."

"Wamejuana."

Mshonaji akaweka mkono nyuma, akamshika mtoto mguu. "Mara ya mwisho niliangukia pasi ya moto, dada. Tazama." Kovu lilipita toka sikio hadi shingoni. "Wakati ule sikuwa na huyu mgongoni. Usimrudishe kwangu. Nakupigia magoti."

"Inuka, fundi. Harudi."

Mganga aliyeitwa na mwalimu alikuja mchana kweupe, mwanamke mnene mwenye mafua. Alimtazama daktari, akapenga kamasi, akatikisa kichwa.

"Mume wangu kapagawa?" aliuliza mwalimu.

"Kapagawa? Huyu katembelewa. Hakuvamiwa, alikaribisha mwenyewe, tena kwa methali. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, anasindikizwa." Akamgeukia daktari. "Baba, sema kwa mdomo wako: mgeni, nakusindikiza porini, pasipo mtu. Ni mbali. Utaugua njia nzima, pengine mwaka, lakini utarudi peke yako."

Daktari alikuwa na sauti yake mwenyewe saa ile, nyembamba na yenye jasho. "Mwaka? Nina kitabu."

"Porini ni mbali kweli," ikasema sauti ya mtungini kutoka mdomo uleule, kwa upole wa mwuza duka. "Lakini kwa mshonaji ni hapo tu, nyuma ya mtaa. Taja huko, leo jioni unaandika."

Harufu ikatanda hadi macho yakawasha. Mwalimu alimtazama mumewe, akaona machozi yanamlenga, machozi halisi, ya kwanza kuyaona.

"Yule mama," alisema daktari taratibu, akichagua maneno, "ana ustahimilivu wa ajabu. Ameshajifunza kuishi naye. Kuna heshima kubwa katika mateso yake, heshima ambayo sisi wengine..."

"Ana mtoto mgongoni!"

"...ambayo sisi wengine hatuna. Mgeni, nakusindikiza kwa..."

Mwalimu alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Midomo ilikuwa ya moto kama bomba la jiko, na ulimi ukaendelea kuandika jina la mtaa kwenye ngozi yake.

"Sema porini," alimwambia sikioni. "Nitakuuguza mwenyewe. Sema porini tu, mume wangu, nitauondoa mkono."

Daktari akatikisa kichwa kukataa, machozi yakimtiririkia mkewe vidoleni.

"Basi mgeni, kaa," alisema mwalimu. "Kaa hapo hapo ulipo."

"Mama!" Mganga alishtuka hadi mafua yakakatika. "Neno la mwenye nyumba halifutiki. Hatatoka tena."

"Nimesikia."

Alipoondoa kiganja, mdomo ule ulikuwa ukitabasamu upande mmoja tu.

Mshonaji anashona, mtoto ameanza kutambaa. Wiki iliyopita mchapishaji alikuja na shada la maua, akisema kitabu kipya kimewaliza hata wapiga chapa, hajapata kuona huruma ya kina namna ile.

"Shemeji, daktari yupo?"

Mwalimu alisikiliza kidogo kuelekea chumba cha kusomea, tr-tr-tr-tr, kisha akampisha mlangoni.

"Wapo," alisema.