Pete ya Moto kwenye Mpini wa Senteu

Asubuhi ile kijiji cha Kakesio kilikuwa na ukungu. Sinyati alikuwa anapuliza moto, huku mwanawe Nanyori amefungwa mgongoni kwa shuka. Mbele yake mumewe, Senteu, alikuwa amempa mgongo, anapasua mbavu za mbuzi kwa sime, kisu kirefu kisichomtoka kiunoni.

"Baba Nanyori, mpini huo unacheza," Sinyati alisema.

"Hauchezi. Jana nimeufunga ngozi mbichi. Imekauka kama mfupa."

Ni kweli ngozi mbichi ikikauka hubana. Lakini ikilowa damu hulegea tena. Halafu kulikuwa na mafuta. Kwa mila, wazee wa ukoo wa Senteu hupaka mafuta ya kondoo mkononi kabla ya kupokea chuma kutoka kwa mhunzi. Yeye alizidisha. Kila wiki aliupaka mpini mzima, mpaka mafuta yakajaa ndani ya tundu la kuingizia chuma.

Senteu aliinua mkono kwa nguvu. Mpini ukabaki mkononi, chuma kikaruka nyuma.

Kitu kilipita karibu na sikio la Sinyati. Nyuma yake dumu la maji likatoboka, maji yakaanza kumwagika. Sinyati akapeleka mkono mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kizima. Lakini shuka lilikuwa limechanika, urefu wa kidole kimoja, karibu kabisa na shingo. Nanyori alikuwa bado amelala.

Senteu alisimama na mpini mtupu mkononi.

"Nitafunga ngozi nyingine," alisema baadaye.

"Ukifunga ngozi nyingine, mimi na mtoto tunarudi kwa mama yangu."

Siku ya mnada wa mifugo walipanda lori hadi mji wa Karatu. Sime aliibeba Sinyati mwenyewe. Nyuma ya mnada waliulizia fundi wa chuma, wakaelekezwa kwenye kibanda kimoja. Ndani walimkuta msichana mwenye ovaroli nyeusi kwa masizi.

"Fundi yuko wapi?" Senteu aliuliza.

"Unamwona. Naitwa Beatrice. Babu yangu alikuwa mhunzi, baba yangu mhunzi. Unataka tumfufue babu?"

Sinyati akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Senteu hakucheka. Alitoa kichupa cha mafuta ya kondoo, akajipaka viganjani.

"Mkononi paka tu, mzee, ni mila yako," Beatrice alisema akiunusa mpini. "Lakini kwenye mti hapana. Mafuta yanatelezesha chuma. Huu mpini ni wa kuni sasa."

Alichukua kipande kikavu cha oloirieni, mti mgumu wa milimani. Alikichonga kiwe chembamba kidogo nyuma na kinene mbele. Akapasua ufa upande wa mbele, akaingiza humo mkia wa sime, ile ncha nyembamba ya chuma inayokaa ndani ya mpini. Kisha akakata pete kutoka kwenye bomba la chuma.

"Ipitishe kuanzia nyuma ya mpini," alimwambia Senteu.

Senteu alisukuma pete. Ilikwama kidole kimoja kabla ya kufika mbele. Akasukuma mpaka jasho likamtoka.

"Umekata ndogo, binti."

"Ndivyo ninavyotaka. Sasa naitoa, naiweka motoni."

"Motoni? Chuma kikivimba, tundu si litaziba?"

"Hapo ndipo wengi wanakosea. Chukulia pete hii nimeinyoosha ikawa fimbo. Moto unairefusha. Nikiikunja tena, duara litakuwa kubwa au dogo?"

Sinyati ndiye aliyejibu.

"Kubwa. Na tundu litakuwa kubwa."

"Umemshinda mzee," Beatrice alisema. "Sasa rudi nyuma na mtoto."

Alifunga makali ya sime kwa kitambaa chenye maji. "Kisu chenyewe usikipeleke motoni, makali yatalegea," alieleza. Pete ilipoiva nyekundu aliishika kwa koleo, akaipitisha. Safari hii ilipita pale ilipokwama, ikafika mbele. Mti ukatoa moshi. Haraka akamwaga maji. Mvuke ukajaa kibandani, mti ukalia kama unaminywa.

Sinyati aliganda. Pete ni ile ile na mpini ni ule ule. Imepita kweli, kama alivyojibu.

"Moto umeitanua," Beatrice alisema. "Maji yameipoza, imesinyaa. Sasa inabana mti, mti unabana chuma. Vuta, mzee."

Senteu alivuta. Akaweka mguu, akavuta tena. Mkia haukusogea hata kidogo. Alimtazama yule msichana kama mtu aliyeona ng'ombe akiongea.

Jumamosi kulikuwa na karamu ya nyama kwa kaka yake Senteu. Senteu alipasua mifupa ya fahali mzima, na pete haikutikisika. Sinyati alikaa karibu, mtoto mapajani. Wanaume walipokezana sime, kila mmoja akijaribu kung'oa mpini.

"Nani amekutengenezea?" jirani yao Parmuat aliuliza.

"Msichana wa Karatu. Kwa moto na maji tu."

Parmuat alichomoa sime yake kiunoni, mpini wake umezungushiwa ngozi. Akautikisa. Ulicheza.

"Mnada ujao ni lini?"

"Tutakwambia," Sinyati alisema. "Kwa leo irudishe kiunoni. Hapa kuna mtoto."