Duara Kwenye Ubao wa Bibi

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Bibi aliufuta ubao wa jikoni kwa kitambaa chenye maji, akachora mistari upya na kuandika kazi za siku. Chakula cha Pensheni, mara nne. Maji. Kufagia baraza. Mbele ya kila kazi aliacha nafasi ya alama ya vema, na pembeni ilining'inia chaki iliyofungwa kwa uzi. Juu kabisa palikuwa na maneno ambayo hayakufutwa kamwe: KISICHOANDIKWA HAKIJAFANYIKA.

Bibi alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na kumi ya mwisho alisimamia wodi ya watoto, wote wakimwita Sista.

"Yeye ameistaafu wodi," Babu alizoea kusema, "lakini wodi haijamstaafu yeye."

Babu mwenyewe alikuwa dereva wa gari moshi. Wote wawili walistaafu mwaka mmoja, na miezi ya mwanzo waligongana milangoni kama wapangaji wasiojuana. Ndipo rafiki yao Fundi Saa alipowaletea mtoto wa mbwa ndani ya kapu. Alikuwa mweusi, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kufikia siku ya pili alikuwa ameshatafuna kandambili moja ya Babu, na kila akiitwa alikimbilia upande mwingine.

"Tumwite Pensheni," Babu alisema. "Ukiiita haiji. Ikija haikai."

Mjukuu wao wa miaka kumi na mmoja alikuja likizo na kumkuta Pensheni ana wiki tatu pale nyumbani. Msichana huyo walizoea kumwita Chiriku, kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea. Tangu siku hiyo mbwa na msichana hawakuachana.

Jambo moja tu halikumpendeza Bibi. Pensheni alikula sana lakini hakunenepa. Mbavu zake zilihesabika, na tumbo lilivimba kama ngoma. Daktari wa mifugo alimpima, akasema ni minyoo, akatoa vidonge vitatu, kimoja kila asubuhi. Bibi aliongeza mstari mpya ubaoni, usiofutwa kila asubuhi kama mingine: Dawa. Kidonge cha kwanza alikitoa mwenyewe. Cha pili alimkabidhi mjukuu wake.

"Leo zamu yako, Nesi Chiriku. Akimeza, weka vema."

Chiriku alikificha kidonge ndani ya kipande cha samaki. Pensheni alikula samaki, akakitema kidonge sakafuni, safi kabisa. Alijaribu tena, kikatemwa tena. Mara ya tatu Pensheni alikitazama tu kidonge, kisha akamtazama yeye. Huko nje watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba na kumwita msichana.

"Chiriku, unakuja au tumpe mwingine zamu yako?"

Alikitia kidonge kwenye mkebe wa kalamu. Atampa akirudi, aliwaza, na kwa kuwa atampa, hapakuwa na ubaya kuweka vema mapema. Akaiweka, nzuri na nene, akatoka mbio.

Aliporudi, Bibi alikuwa amesimama mbele ya ubao.

"Mara ya kwanza tu na amemeza? Nilikuwa na wauguzi wakubwa waliohangaika kuliko wewe."

Baada ya sifa hiyo, Chiriku angesemaje kwamba kidonge kimo mkebeni? Kesho yake hali ilikuwa ngumu zaidi. Pensheni alikitema kidonge cha tatu pia, na mtu aliyefanikiwa jana bila shida hawezi kusema leo ameshindwa. Mkebe ukawa na vidonge viwili, ubao ukawa na vema mbili.

Jioni hiyohiyo Fundi Saa alikuja kucheza drafti barazani, kama kawaida yake. Babu alikuwa amebanwa vibaya. Fundi Saa alikuwa na kingi mbili, na kete za Babu zilipukutika moja baada ya nyingine.

"Ngoja," Babu alisema ghafla. "Kete yako moja haipo. Hatuwezi kuendelea hivi."

"Ilikuwa hapa sasa hivi, ndugu yangu."

"Basi ameimeza Pensheni. Nimemwona akitafuna kitu."

"Mbwa wako ana akili," Fundi Saa alisema. "Kati ya kete zote ameona aimeze kingi yangu, tena ukiwa umebakiza hatua mbili ushindwe."

"Damu ni nzito kuliko maji. Anamtetea mwenye nyumba."

Wakacheka, mchezo ukavunjika bila mshindi. Lakini Bibi alikuwa kwenye dirisha la jikoni, na Bibi hakuwa mtu wa kusikia jambo kama hilo akaliacha lipite. Aliandika ubaoni, chini ya mstari wa dawa: Amemeza kete moja. Ameonwa na Babu.

Siku tatu baadaye Pensheni hakugusa chakula cha asubuhi. Mchana alitapika mara mbili, kisha akalala chini ya meza, sikio lililokuwa limesimama nalo limelala. Chiriku alikaa kando yake.

"Huyu naye anaumwa?" Babu aliuliza. "Leo sijasikia hata hadithi moja."

Bibi alikuwa akinakili yaliyo ubaoni kwenye karatasi. Walimlaza Pensheni kwenye lile kapu lililomleta, wakashika njia kwenda kwa daktari. Chiriku alitia mkebe wa kalamu kwenye mfuko wa gauni lake. Kwa nini anaubeba, yeye mwenyewe hakujua.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipokea shikamoo ya Chiriku, akaisoma karatasi ya Bibi mara mbili kabla hajamgusa mbwa. Kisha alilibonyeza tumbo la Pensheni kwa vidole viwili, taratibu, kutoka mbavuni hadi mapajani.

"Tumbo limekaza," alisema. "Kama dawa isingekuwa imeliwa, ningesema ni minyoo. Lakini hapa naona vidonge vyote vitatu vimeliwa. Vilevile naona amemeza kete. Ukiweka haya mawili pamoja, jibu ni moja. Kete imeziba utumbo. Itabidi tumpasue leo."

"Atapona?" Babu aliuliza.

"Ni mdogo sana na amedhoofika. Wa umri huu wakilazwa kwa nusu kaputi, wengine hawaamki. Lakini utumbo uliozibwa haungoji. Nitampasua kwa sababu karatasi yenu imeniambia hivyo."

Alikwenda kwenye beseni akaanza kunawa mikono hadi viwikoni. Chiriku aliyasikia maji yakitiririka. Aliona kisu kidogo juu ya sinia, na kando yake karatasi ya Bibi yenye zile vema mbili, zake yeye. Yale maji yakifungwa tu, kazi itaanza.

"Hakumeza," alisema.

Daktari aligeuka. "Nani hakumeza nini?"

"Pensheni. Vidonge vyangu viwili. Alivitema, nikaweka vema, nikaenda kuruka kamba." Alifungua mkebe. Kati ya kalamu na kifutio vilikuwamo vidonge viwili, kimoja kimekatika ncha. "Nilitaka kumpa baadaye. Halafu Bibi akanisifu."

Babu alimtazama mjukuu wake, akakohoa, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati.

"Mtoto ametangulia, mzee na afuate," alisema, akaiweka kete mezani. "Daktari, mbwa hakumeza kitu. Nilikuwa nafungwa."

Daktari aliitazama kete, akavitazama vidonge. Alifunga maji.

"Kwa hiyo nilikuwa karibu kumpasua mbwa kwa ajili ya drafti," alisema. "Ondoeni hiyo kete mezani pangu."

Alimpima Pensheni upya, akahakikisha hakuna kitu kilichoziba, akamdunga sindano ya kumwongezea maji. Kisha akamwita Chiriku karibu. Alimwonyesha jinsi ya kufungua mdomo wa mbwa, kukiweka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kuufunga mdomo na kumpapasa koo hadi ameze. Kidonge cha kwanza cha dozi mpya kilishuka palepale. Pensheni alishangaa kuliko wote.

Njiani Chiriku alitembea nyuma. Bibi alipunguza mwendo hadi wakawa sambamba.

"Umenikasirikia, Bibi?"

"Nimekasirika, ndiyo. Lakini umesema kabla kisu hakijashikwa, na hilo nalo nimelihesabu. Sasa nisikilize. Wodini tulikuwa na alama mbili, si moja. Vema ni dawa imeliwa. Duara ni dawa haikuliwa, na pembeni unaandika sababu. Mgonjwa ametema, mgonjwa amelala, dawa imekwisha. Duara halikuwa aibu kwa muuguzi yeyote. Lilimwambia mwenzake wa zamu inayofuata pa kuanzia. Nilikufundisha vema tu, duara nikasahau. Hilo ni kosa langu."

"Na vema ya uongo?"

"Aliyeiweka nilimwondoa wodini siku hiyohiyo. Mtu akikuambia hajui, utatafuta njia nyingine. Akikudanganya, utakwenda kwa ujasiri kabisa mahali pasipo penyewe, kama daktari na kisu chake. Kushindwa kazi kunarekebishika, mjukuu wangu. Kuficha kwamba umeshindwa ndiko kunakoua."

Babu, aliyebeba kapu mbele yao, alikaza mwendo kidogo.

"Na wewe unasikia, bwana," Bibi alisema.

"Nasikia, Sista. Nilidhani unasema na mtoto."

Siku ya pili ya dozi minyoo ilianza kutoka, mingi, mirefu kama tambi. Fundi Saa, aliyekuwa akila mkate barazani, aliuweka chini na hakuushika tena. Bibi aliwaamuru wavae glavu, wazoe, wafukie mbali na kisima, kisha kila mtu anawe kwa sabuni, Babu mara mbili. Asubuhi iliyofuata Pensheni alimaliza bakuli lake na kulisukuma hadi mlangoni. Sikio moja lilikuwa limesimama.

Asubuhi hiyo pia, kwenye mstari wa dawa, kulikuwa na duara, na mbele yake maandishi ya Chiriku: Ametema saa moja. Nimerudia saa moja na nusu. Kisha vema. Juu ya ubao, chini ya maneno ya siku zote, Bibi alikuwa ameongeza mstari wa pili: NA KILICHOANDIKWA KIWE KIMEFANYIKA.

Jioni Fundi Saa aliingia jikoni kunywa maji. Akaitazama chaki, akaishika, akaandika chini kabisa: Drafti. Babu ameshindwa mara tano wiki hii.

"Sista, futa huo uzushi," Babu alisema kutoka mlangoni.

Bibi alimpa chaki. "Kama si kweli, sahihisha mwenyewe."

Babu aliishika. Chiriku alimtazama, Pensheni naye alimtazama. Babu akalifuta neno "tano" kwa kidole, akaandika "sita", akarudisha chaki kwenye uzi wake.