Kisogo Kwenye Televisheni

Kinyozi hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Wateja wake aliwajua kwa visogo.

Asubuhi hiyo alikuwa akimnyoa jirani yake, wakala wa kusajili laini za simu. Mkewe alikuwa akikunja taulo. Televisheni ilionyesha kituo cha mabasi cha nchi jirani kilicholipuliwa jana. Viatu vilitapakaa kila mahali. Kisha akaonyeshwa mtu aliyeacha begi la bomu, amepigwa picha kwa nyuma.

"Kawapa kisogo, nani atamjua?" mke akauliza.

Mashine ikamponyoka kinyozi. Kovu lile, kama mwezi mchanga, chini ya sikio! Amelizunguka kwa wembe mara ngapi?

"Taratibu, sikio langu hilo!" wakala akaruka.

"Namjua." Kinyozi aliielekezea televisheni kidole. "Aliniambia kapoteza kitambulisho. Ile laini niliyosajili kwako, nikasema ni ya mke wangu... nilimpa yeye."

"Laini yangu mimi?" Mke aliangusha taulo. "Laini ipi?"

"Ina jina langu. Na alama ya kidole changu hiki."

Mke akaufunga mlango. "Basi nyamaza! Watu wamekufa, baba watoto. Utaozea jela."

"Akinyamaza watakufa wengine, shemeji," wakala akasema. "Hawa wana wenzao huku na ng'ambo. Hutumia laini za watu wema, ili wakisakwa akamatwe kinyozi. Lakini laini hiyo ni uzi. Polisi wa nchi zote mbili wakiushika pamoja, utawafikisha kwao. Jirani, usimpigie. Usiifunge. Twende polisi sasa hivi."

"Na kichwa chako?" kinyozi akauliza. Kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu.

"Kichwa kitangoja. Begi halingoji."

Kinyozi alihojiwa hadi sauti ikamkauka. Kabla ya wiki kwisha, mwenye kovu na wenzake walinaswa ng'ambo ya mpaka. Begi la pili lilikuwa tayari, limebaki kupelekwa sokoni tu.

Kinyozi alirudi nyumbani amekonda, na onyo kali juu yake. Kosa lilikuwa kosa. Wakala naye aliapa: mwenye laini aje mwenyewe, na kidole chake.

Juzi mteja mpya alikaa kitini. "Kaka, niazime kitambulisho, nisajili laini mara moja tu."

Kinyozi akaizima mashine.

"Kunyoa nitakunyoa bure ukitaka," akasema. "Jina langu siazimi."