Mota ya Kasese, Hendeli ya Bwera

Jumamosi moja ya mwaka 1968, soko la Kasese, magharibi mwa Uganda, likiwa limefurika, Kabugho alimkanyaga fundi wa kutengeneza cherehani mguu. Hakukusudia. Kichwani alijitwika cherehani ya marehemu mama yake, gauni lake la maua limeloa jasho, na macho yalikuwa kwenye vyuma vilivyotandazwa barazani.

"Pole. Na hii nyeusi inafanya kazi gani?" akauliza kabla hata ya kuutua mzigo.

"Mota hiyo, ya umeme. Mutu ananikanyaga, halafu ananiuliza maswali!" Fundi Tefiro akacheka.

Kabugho hakuwa mtu wa kupita kitu bila kukiuliza. Meno ya hendeli ya kuizungushia cherehani kwa mkono yalikuwa yamelika, akaiacha cherehani itengenezwe, lakini yeye akawa anarudi kila Jumamosi kwa lori kutoka kwao Bwera, eti kuangalia kazi. Mara ya tatu alizijua skurubu zote kwa jina, na moyo ulishakwenda kwa fundi. Mapenzi hayana fundi.

Mara ya nne akakuta hendeli haipo. Mahali pake pamefungwa mota.

"Kanyaga pedali hii, mwalimu wangu wa maswali," Tefiro akasema. Sindano ikatimua mbio, mshono ukaisha kabla hajavuta pumzi. Kabugho akashangilia, kisha akaufuata waya wa mota kwa macho hadi ukutani.

"Tefiro, Bwera umeme iko wapi?"

"Haiko." Fundi akainamisha kichwa. "Iko hapa. Nilitaka ubaki, mpenzi."

"Na sare ya watoto wa shule, niliyoahidi Alhamisi? Nitashona na vidole? Hendeli iko wapi?"

"Nilitupa kwa vyuma chakavu."

"Mimi nakuuliza kila kitu! Wewe kuuliza kitu moja tu, imekushinda!"

Akajitwika cherehani na mota yake, akalia njia nzima. Uchungu ulikuwa kwamba hata yeye alitaka kukaa Kasese.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Tefiro akashuka Bwera, shati jeupe limegeuka rangi ya vumbi. Mkononi alishika hendeli.

"Umetoa wapi?"

"Kwa cherehani yangu."

"Na yako itazunguka na nini?"

"Ikae tu. Nimekosa, Kabugho."

Kabugho akanyoosha mkono. "Lete bisibisi."

Akafungua mota mwenyewe, akafunga hendeli mwenyewe, Tefiro akitazama kwa adabu. Siku tatu fundi alilala kwa katekista. Mchana alizungusha hendeli, Kabugho akiongoza kitambaa kwa mikono miwili, mabega yao yakigusana.

Jumatano jioni, sare ya mwisho ikikunjwa, Tefiro akakohoa.

"Kabugho, niko na swali. Utakubali nikuoe?"

"Leo umeuliza!" Akacheka mpaka machozi. "Nakubali. Mbuzi wa mahari utaongea na baba. Nitakuja Kasese, na mota tutafunga. Lakini hii hendeli inakaa kwa sanduku yangu."

"Ya nini tena, na umeme iko?"

"Siku nikitaka kurudi Bwera, nishone."

 Tefiro akaipangusa ile bisibisi kwa shati lake, akamwekea kiganjani. "Basi na hii ikae nayo."